Umeongeza nguvu za injini, je, breki?

Ukipita gereji za Nairobi wikendi, hukosi kijana aliyeinamia injini ya Subaru akitaka ikimbie zaidi. Mchezo huo si mgeni. Vijana wa California waliucheza kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na kipenzi chao kilikuwa Ford ya 1932, iliyotoka kiwandani na V8 ya nguvu za farasi 65 tu.

Cheki walivyofanya. Walikwangua uso wa silinda hedi ili hewa na petroli vibanwe zaidi kabla ya cheche, mlipuko ukapata nguvu. Kabureta moja ikawa haitoshi, wakafunga mbili. Mapanga ya matope waliyang'oa, gari likawa jepesi. Shida ilikuwa joto: kwenye injini hiyo moshi ulipitia ndani ya bloku yenyewe kabla ya kutoka, basi ilichemka haraka.

Sasa kuna kitu tunachokiruka. Ford hizo za zamani zilikuwa na breki za kuvutwa kwa vyuma. Kampuni ilipoleta breki za mafuta mwaka 1939, vijana hao walizitoa kwenye magari mapya zaidi na kuzifunga kwenye yao. Na wengi walikimbizana kwenye maziwa makavu kama Muroc, ingawa wakaidi wa barabarani hawakukosekana.

Wewe nawe umelipia turbo, bomba linaamsha mtaa mzima. Pedi ulibadilisha lini? Ukirudi kwa fundi, mwambie aanze na magurudumu: pedi, diski, mafuta ya breki, tairi. Turbo itangoja.