Antigraviti: aliye juu mngoje chini

Siku hizi neno antigraviti halikauki vinywani mwa vijana. Kitu chochote kinachokaa juu bila kuonekana kilichokishika, wao husema ni antigraviti. Je, msomaji, neno hili lina maana gani hasa?

Limeundwa kwa vipande viwili. Anti ni Kigiriki, yaani dhidi ya. Graviti latokana na neno la Kilatini lenye maana ya uzito. Ukiyaunganisha, unapata nguvu ya kufuta au kupinga mvutano wa ardhi. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells alibuni kitu cha namna hiyo katika riwaya yake ya mwaka 1901, apate kuwafikisha watu mwezini. Hiyo ni hadithi. Kwenye maabara, nguvu hiyo haijapatikana. Mwaka 2023 wanasayansi wa CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, walitangaza kwamba hata antimata, iliyo kinyume cha maada ya kawaida, huanguka chini kama embe.

Basi vinavyokaa juu hushikwa na nini? Twende Migori, kwenye boma la Thimlich Ohinga, lililoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kuta zake za mawe, ambazo mahali pengine zinapita mita 4, yaelekea zilijengwa karne ya 16, bila saruji wala udongo wa kugandisha. Wajenzi waliyapanga mawe makubwa na madogo yakashikana, la juu likilibana la chini kwa uzito wake. Mvutano wa ardhi ndio unaozisimamisha kuta hizo! Ukiufuta, mawe hayana cha kuyabana.

Jirani yake, Homa Bay, tazama boti zitokazo Mbita kwenda kisiwa cha Mfangano. Boti haielei kwa kuwa imepoteza uzito. Maji nayo huvutwa na ardhi, na boti inapoyasukuma kando, nayo huisukuma juu. Huelea mradi uzito wake, pamoja na abiria na mizigo, hauzidi uzito wa maji inayoweza kuyasukuma kando.

Hapa ndipo maana ya neno inapogusa uhai wa watu. Unapoambiwa, "Ingieni, bado kuna nafasi," kumbuka kwamba kila gunia na kila abiria huizamisha boti kidogo zaidi, mpaka wimbi dogo tu litoshe kuingia ndani. Ziwa halina antigraviti. Mzazi, hakikisha mtoto amevaa jaketi la kuokoa maisha, na boti ikijaa, ngojeni nyingine.

Vijana, neno hili litumieni katika hadithi na filamu, ndiko kwao. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Kwa boti iliyojaa kupita kiasi, huenda usingoje sana.