Upimaji wa macho uvifikie vijiji vya Katavi

Upimaji wa macho kwa wenye umri wa miaka 40 na kuendelea uwe huduma ya kawaida katika zahanati na vituo vya afya vya Katavi, si jambo la kusubiri madaktari wanaopita.

Mtoto wa jicho ndicho chanzo kikuu cha upofu duniani, ilhali huondolewa kwa upasuaji mfupi wa kubadilisha lenzi iliyopata ukungu. Mzee wa Karema au Mishamo asiye na nauli ya kufika Mpanda hubaki gizani kwa ugonjwa unaotibika.

Presha ya macho ni mbaya zaidi. Mara nyingi haiumi. Hula mshipa wa fahamu wa jicho kimyakimya, kuanzia uoni wa pembeni, na kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone hulinda kilichobaki tu. Kisukari nacho huharibu retina kabla mgonjwa hajahisi lolote.

Kushindwa kusoma maandishi ya karibu ukubwani ni jambo jepesi: miwani yatosha.

Wenye dhamana ya afya watenge fungu la macho katika bajeti ijayo, na wapeleke wataalamu na vifaa hadi Karema, Mishamo na Inyonga.