Koti la shamba: Tokyo ni fahari, Burnt Forest ni ‘ushamba’

Ukitaka kukosana na kijana wa Burnt Forest, mpige picha akitoka kuchimba viazi, amevaa dastikoti ya babake na gambuti, kisha uiposti. Kijana huyo huyo akishuka Eldoret Jumamosi atapekua mitumba akisaka jaketi la kazi la buluu lililopauka, la mkulima au fundi wa ng’ambo asiyemjua. Likiwa na kiraka, ndilo hilo!

Si yeye tu. Ulaya na Marekani watu hulipa mamia ya dola kwa noragi kuukuu, lile koti fupi la mkulima wa Japani lililotiwa rangi ya nili. Kampuni kama Kapital ya Okayama hata hushona nguo mpya na kuzitia viraka makusudi.

Lakini viraka hivyo vilizaliwa na umaskini. Aomori, kaskazini mwa Japani, ni baridi mno kwa pamba kukua (wakazi wa Burnt Forest wanaijua baridi ya aina hiyo). Matambara yalisafirishwa kwa mashua kutoka kusini, wanawake wakayashona tabaka juu ya tabaka kwa uzi mweupe, ushonaji uitwao sashiko, ili joto lisitoroke. Nguo iliyobaki viraka vitupu ikaitwa boro. Nili nayo huficha uchafu, na wakulima waliamini inafukuza wadudu. Kila ikifuliwa hupauka kidogo, hasa pale kiwiko kinapokunja na bega linapobeba mzigo. Hapo ndipo mvuto ulipo: koti linakuonyesha kazi iliyofanywa ndani yake, kitu ambacho shati jipya la dukani haliwezi kukifanya.

Wenyewe walizionea haya. Mtafiti Chuzaburo Tanaka alizunguka vijiji vya Aomori akizikusanya kabla hazijatupwa, na mwaka 2009 zikaanza kuonyeshwa katika makumbusho ya Amuse, Tokyo.

Sisi pia tulikuwa na nili yetu. Kaniki, kitambaa cha buluu iliyokoza, ilikuwa nguo ya watumwa na wanawake wa kazi ngumu Zanzibar na Pwani katika karne ya 19. Baada ya sheria ya 1897 kuondoa utumwa Zanzibar, wanawake wengi waliiacha na kujitanda kanga za rangi. Nani angewalaumu? Kiraka ni pambo kwa yule ambaye hakulazimika kukivaa. Kwa hivyo tusimcheke kijana wa Burnt Forest anayeikimbia dastikoti. Amekua akiona ikimaanisha shamba, matope na mfuko mtupu.

Ninachouliza ni pesa zinakwenda wapi. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kukomesha mitumba kufikia 2019. Marekani ikatishia kutuondoa kwenye soko la AGOA, Kenya ikajiondoa mapema, Rwanda ikashikilia msimamo na nguo zake zikasimamishwa 2018. Mimi siungi mkono marufuku. Mitumba inalisha familia nyingi mno. Hata hivyo, Eldoret tuna kiwanda cha Rivatex, kilichoanzishwa 1976, kikaanguka, kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi 2007, kisha kikazinduliwa upya 2019 kikiwa na mitambo mipya. Kiwanda kipo, na mafundi wa cherehani wapo kwenye veranda za maduka, wakitia viraka kila siku bila yeyote kuwaita wabunifu.

Kinachokosekana ni mnunuzi. Wajapani hawakungoja New York iwapende. Makumbusho yao yalizionyesha boro kama kazi ya mikono. Huku kwetu, fundi anayeshona dastikoti nzito ya pamba, yenye mshono maradufu mabegani, hushindana na ya polista ya bei ya kutupa, na mteja wake pekee ni mkulima asiyeweza kulipa zaidi. Yule kijana wa mjini anayeweza kulipa yuko kwenye mitumba, anang’ang’ania koti la mtu mwingine.