Mboji Imeiva, Usugu Umebaki

Mwaka 2013 watafiti wa China, akiwemo Yong-Guan Zhu, walieleza walichokikuta katika mashamba matatu makubwa ya nguruwe: jeni 149 za usugu wa antibayotiki. Zilikuwa kwenye samadi, kwenye mboji iliyotokana nayo, hata kwenye udongo uliorutubishwa kwa mboji hiyo. Baadhi zilizidi viwango vya kawaida hadi mara 28,000.

Mbona mboji haikuzimaliza? Kanuni za kuivisha samadi zilitungwa kuua vimelea. Marekani, lundo la mboji lenye umbo la tuta hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi kwa siku 15 na kugeuzwa mara tano. Salmonella haivumilii hayo. Jeni ni suala jingine: bakteria akifa, mwenzake anaweza kuokota kipande cha DNA kilichosalia. Tena lundo haliivi sawasawa. Chomeka kipimajoto katikati, mvuke unakupanda usoni. Kichomeke pembeni, joto ni la kawaida tu. Jeni zenyewe pia hazifanani: za usugu wa tetrasaiklini mara nyingi hupungua, ilhali sul1, inayokinga bakteria dhidi ya dawa za salfa, hung'ang'ania na pengine huongezeka. Mitambo ya biogesi nayo mara nyingi hupunguza jeni hizi vizuri zaidi kwenye nyuzi 55 kuliko 37, na ya vijijini mingi haina kipasha joto kabisa.

Kuna pia shaba na zinki zinazotiwa kwenye chakula cha nguruwe. Hizo haziozi. Lundo likisinyaa, madini hukolea, na bakteria wanaoyahimili mara nyingi huhimili na dawa.

Kwa hiyo wanaodai mitambo bora ya samadi wana hoja, ila wanaanzia mkiani. Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza kugundua mcr-1, jeni inayoishinda kolistini, dawa ya akiba hospitalini. Mwaka 2017 China ikapiga marufuku kolistini kama kikuza mifugo. Bakteria wa E. coli wanaohimili kolistini katika nguruwe wakashuka kutoka asilimia 34 mwaka 2015–16 hadi 5.1 mwaka 2017–18. Dawa ilikatwa bandani, si kwenye lundo.

Afrika Mashariki, samadi ya kuku huishia kwenye bustani za mchicha na sukuma wiki. Wakaguzi wa mbolea wapime jeni, sawa; lakini kwanza antibayotiki kama oksitetrasaiklini isiuzwe kiholela dukani, bila cheti cha daktari wa mifugo.