Tutembee kwa Mwendo wa Nyanya



Likizo ya skuli ya mwezi wa Agosti imekaribia, na katika nyumba nyingi mazungumzo ya safari yameanza. Watoto wataka kutolewa nje. Baba ahesabu nauli, mama awaza chakula cha njiani. Kisha hufika wakati wa kuhesabu watu, na hapo husikika maneno yale yale ya kila mwaka: "Nyanya atabaki, miguu yamsumbua. Khalati atakaa naye." Maneno haya husemwa kwa huruma, wala hakuna anayekusudia ubaya. Lakini mtu akibakizwa likizo hii, na ijayo, na ile ya baada yake, miguu iliyokuwa ikisumbua huzidi kudhoofika kwa kukaa, mpaka safari ya kutoka chumbani hadi barazani ikawa ni kazi. Ndipo tukaona wiki hii tuzungumzie matembezi mepesi ya mashambani na misituni, ambayo aila nzima yaweza kuyafanya pasi na kumwacha mtu nyuma.

Kutembea kwa miguu si mambo ya vijana na wanamichezo peke yao. Shirika la Afya Duniani lapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kila wiki, na wazee waliotimiza miaka 65 na zaidi wamewekewa kiasi hicho hicho, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Ukizigawa dakika hizo, ni nusu saa kwa siku tano. Mwendo wa wastani nao una kipimo kisichohitaji chombo: mwenye kutembea aweze kuzungumza na mwenzake bila ya kukatika pumzi, lakini asiweze kuimba. Akishindwa kuzungumza, amezidisha. Katika mji wetu ambamo ni nadra kuipata nyumba isiyo na mgonjwa wa sukari au wa presha, jambo hili si la anasa. Misuli inapofanya kazi huitumia sukari iliyomo katika damu, na moyo unaozoezwa kidogo kidogo hupata nguvu.

Swali basi ni namna ya kutembea pamoja, ilhali mmoja ana miaka saba na mwengine ana sabini. Hapa tuna kanuni tunayoijua sote kutoka msikitini. Imamu hufundishwa aipime swala ya jamaa kwa aliye dhaifu miongoni mwa maamuma: mzee, mgonjwa na mwenye haja. Anayependa kurefusha ataswali peke yake arefushe apendavyo. Kanuni hiyo yafaa njiani vile vile. Aliye dhaifu na atangulie mbele, yeye ndiye apime mwendo, na wenye nguvu wafuate nyuma yake. Akiwekwa nyuma atajilazimisha kuwafikia wenzake, na kila wanapomngojea atajiona ni mzigo. Pili, wakati wa kurudi uamuliwe kabla ya kuchoka, kwa kuwa njia uliyoiendea ndiyo utakayoirudia. Aliyetembea robo saa na bado ana nguvu na ageuke. Amekwisha kupata nusu saa yake.

Sasa tutaje mahali, tukianzia karibu na Mombasa.

Kwa anayeanza, Haller Park ya Bamburi ni mwanzo mwema. Hapo palikuwa na machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, ardhi kavu isiyoota kitu. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda mivinje, na majongoo wakayala majani yaliyoanguka wakayafanya udongo. Leo pana msitu, mabwawa na wanyama. Njia zake ni tambarare na zina kivuli, na mtoto atakayeelezwa kwamba msitu ule umeanzia kwa jongoo hatamkanyaga jongoo tena ovyo.

Mbele kidogo, upande wa pwani ya Mtwapa, pako Jumba la Mtwana, mji wa Waswahili wa karne ya 14 na ya 15. Kutoka barabara kuu ni afadhali kuchukua tuktuk, ili nguvu za wazee zisiishie lamini. Ndani ya uwanja wake mna kuta za nyumba, misikiti minne, mibuyu mikubwa, na mteremko mdogo unaoelekea ufuoni ulipo msikiti wa kando ya bahari. Mwaka jana tulifuatana huko na aila moja, pamoja nao nyanya mwenye mkongojo. Alipumzika mara tatu kabla ya kufika baharini. Kila alipokaa aliutazama mti uliokuwa karibu naye akaueleza: huu mkwaju, tukiula utotoni kwa chumvi, huu mbuyu, majani yake machanga hupikwa mboga, huu mwarobaini, maji yake tulikogeshwa tulipokuwa na surua. Wajukuu waliokuwa wametangulia mbio walirudi mmoja mmoja wakamzunguka. Tulipofika msikitini walikuwa wamejifunza miti ambayo hakuna kibao kilichoitaja, na wasingeijua lau yeye angalibakia nyumbani.

Tukiendelea kaskazini kuelekea Malindi, twafika Gede. Magofu yake yamo ndani ya msitu, mwendo mfupi kutoka barabara kuu, na mwaka 2024 yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Huu ulikuwa mji wa mawe wenye msikiti mkuu wa Ijumaa, jumba la mtawala, visima na makaburi ya mnara, na watu wake walinunua vyombo vya kaure kutoka China. Liko kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia. Mwanafunzi wa chuoni aliyezoea kusikia kwamba mambo ya zamani yalikuwa ya mbali na asimame mbele ya kaburi hilo, asome tarehe kwa hesabu anayoijua, kisha atoe mwenyewe miaka iliyopita. Njia ni za kupita pole pole, ila mizizi ya miti imetokeza mahali mahali, hivyo mwenye macho mazito na ashikwe mkono. Na chakula kifichwe, maana kima wa pale hawana haya.

Kutoka Gede hadi msitu wa Arabuko-Sokoke ni karibu mno. Huu ni msitu wenye ukubwa wa yapata kilomita za mraba 420, nao ndio mkubwa uliosalia katika misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki. Ardhi yake haina vilima vya kutisha, lakini mchanga si wa namna moja. Panapoota mirihi mchanga ni mweupe na laini, na mguu huzama kidogo kila hatua. Magoti mabovu huchoka hapo upesi. Basi mwambieni mwongoza njia tangu mwanzo kwamba mnaye mzee, awachagulie njia ngumu ya kukanyagika na fupi. Msiingie bila ya mwongozi, kwa kuwa msitu una ndovu. Mkitembea kimya asubuhi na mapema, huenda mkabahatika kumwona sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na kiuno cha rangi ya dhahabu, ambaye makao yake makuu duniani ni msitu huu.

Upande wa pili wa barabara kuu liko ghuba la Mida, penye mikoko. Hapo wenyeji wana njia ya mbao inayoning'inia, inayopita katikati ya mikoko hadi mahali pa kuwatazamia ndege. Ni fupi, wala haichoshi pumzi. Hata hivyo hutikisika, na anayeogopa kuyumba atafurahi zaidi kukaa mwanzoni mwake kivulini. Hapa tazameni mwezi kabla ya kutazama saa. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ndipo bamvua lijapo baada ya siku moja au mbili. Maji hujaa sana na kupwa sana. Yakipwa, tope hubaki wazi na ndege hushuka kwa wingi kutafuta chakula. Mwenye kalenda ya Hijria ukutani ana nusu ya jibu mkononi.

Kusini nako, Kwale, iko milima ya Shimba na maporomoko ya Sheldrick, ambayo maji yake huanguka zaidi ya mita 20. Ni pazuri mno, na askari wa wanyamapori huwasindikiza watu kwa miguu. Lakini twasema wazi kwamba njia yake haimfai kila mtu. Kwenda ni kuteremka na kurudi ni kupanda, na anayedanganywa na wepesi wa kuteremka huulipia baadaye. Aila ikienda huko, wenye nguvu washuke, na wengine wasalie juu penye upepo, pamoja na mtu mzima wa kuzungumza nao. Wasiachiwe mikoba tu ya kulinda. Malipo ya mbuga za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hufanywa kwa mtandao, si kwa fedha taslimu, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni. Kwa hivyo chukueni vitambulisho na muulize bei kabla ya kutoka.

Twajua pia kwamba ziko nyumba ambazo nauli ya kwenda Gede kwa watu wanane ni matumizi ya wiki. Hao hawakunyimwa kitu. Shamba la minazi na mikanju la jamaa yenu, kijia cha kwendea kisimani, ukingo wa makonde baada ya mavuno, vyote ni matembezi kamili. Na anayetembea huko kila Jumamosi afya yake hufaidika zaidi kuliko anayekwenda mbali mara moja kwa mwaka.

Maandalizi si mengi. Tokeni baada ya swala ya Alfajiri, mfike kungali baridi, na saa nne muwe mmekwisha kukaa kivulini. Maji ya kunywa yatoshe, na yazidi kidogo kwa udhu. Viatu viwe vya kufunika vidole na visiwe vipya. Mgonjwa wa sukari hasa asitembee kwa makubadhi wala peku, kwani mguu uliopoteza hisia hauarifu unapochomwa na mwiba; na akirudi nyumbani miguu yake itazamwe, hata nyayo na baina ya vidole. Anayetumia dawa za sukari au sindano na achukue tende au kitu kitamu, akihisi kutetemeka na kutoka jasho la ghafla ale papo hapo na akae. Mwenye maumivu ya kifua au aliyetoka kuugua na amwone daktari kwanza. Chukueni mkeka na kiti kimoja chepesi. Kiti hicho ndicho kitakachomwezesha babu kufika mbali kuliko alivyodhani.

Neno letu la mwisho ni kwa akina baba na vijana wenye nguvu. Pole pole, kwa hakika, ni taabu kwa aliyezoea kukimbilia kazi. Mara ya kwanza mtaona mnapoteza wakati kwa kusimama kila penye mti. Vumilieni. Wazee hawa walikwenda kwa mwendo wetu tulipokuwa tukijifunza kusimama, wakatungoja kila tulipoketi chini kuokota kokoto. Jumamosi hii, kabla ya kuwaita watoto, mgongeeni nyanya mlango mumuulize: leo watupeleka mpaka wapi? Akisema mpaka kwenye mwembe wa jirani, basi safari ni mpaka kwenye mwembe, na wiki ijayo muulizeni tena.

Mwenyezi Mungu atupe afya sisi na wazee wetu, na awape shifaa wagonjwa wetu. Wabillahi tawfiq.