Kontra ya kazi na kosa la hospitali

Wiki hii tumepokea maswali mawili, na tunaona yanashikana. Dada mmoja muuguzi anataka kuacha kazi katika kliniki ya mtu binafsi, maana hapendi namna wagonjwa wanavyotunzwa pale. Lakini kontra aliyoitia sahihi inasema akiondoka asifanye kazi ya uuguzi popote katika teritwari ya Fizi kwa miaka mitatu. Mama mwingine anauliza juu ya binti yake. Alikaa na uchungu siku mbili, mwishowe akapasuliwa, mtoto akafa, na tangu siku ile mkojo unatoka wenyewe. Je, ni bahati mbaya tu, au kuna mtu wa kujibu?

Tuanze na kontra. Sheria ya Kazi ya nchi yetu, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, kifungu cha 53, inasema wazi kwamba neno lolote la kumkataza mfanyakazi kujitafutia kazi kwingine baada ya kontra kwisha halina nguvu. Hiyo ndiyo kanuni. Lakini msifurahi upesi, kuna mlango mdogo. Kama mfanyakazi alifukuzwa kwa kosa zito, au kama ameacha mwenyewe bila kosa zito la patroni, katazo linaweza kushika. Hata hapo, lazima awe anajua siri za biashara au wateja wa patroni kiasi cha kumuumiza sana, katazo lihusu kazi ileile aliyokuwa akifanya, na muda usipite mwaka mmoja. Miaka mitatu imepita kipimo cha sheria.

Kwa hiyo, dada, usikimbilie kuandika barua ya kuacha kazi. Tazama kwanza kama patroni mwenyewe ana kosa zito, kwa mfano kukukata mshahara bila haki. Likiwapo, liandike katika barua yako na ubaki na kopi, kwa sababu hapo ule mlango mdogo unafungwa. Mkishindwa kuelewana, jambo linaenda kwanza kwa inspekta wa kazi ili awapatanishe, kabla ya korti. Na usilale: deni la mshahara linadaiwa ndani ya mwaka mmoja, mambo mengine mengi ya kontra ndani ya miaka mitatu. Kwa maoni yetu, mapatroni wengi huandika maneno haya kwa kutisha tu, wakijua hakuna atakayeenda kusoma sheria.

Sasa habari ya binti. Kwanza atibiwe! Ugonjwa huo ni fistula, nao unatengenezwa, kwa mfano katika hospitali ya Panzi kule Bukavu. Asifichwe nyumbani kwa haya.

Juu ya kosa, tuseme ukweli hata kama unauma. Mara nyingi fistula hailetwi na kisu cha daktari. Inaletwa na kichwa cha mtoto kukandamiza mwili wa mama saa nyingi, mpaka nyama inakufa na kutoboka. Daktari hadaiwi kuponya kila mtu, anadaiwa kutunza vizuri. Kwa hiyo swali siyo nani alipasua, ni nani alichelewesha. Alifika saa ngapi? Nani alimpima, na mara ngapi? Waliona saa ngapi kwamba njia imefunga? Je, walimwacha kitandani wakingoja familia ilete pesa kwanza? Kama uzembe ndio ulioleta madhara, Kodi Sivili kifungu cha 258 inasema aliyeumiza mtu kwa kosa lake atalipa, na cha 260 kinamshika pia mwajiri kwa kosa la mfanyakazi wake. Na kama mtu ameumia au amekufa kwa kukosa uangalifu, Kodi Penali vifungu vya 52 na kuendelea inaweza kumpeleka mhusika gerezani.

Hayo yote yanasimama juu ya karatasi. Ombeni kopi ya fishi ya materniti, karatasi ya operesheni na ordonansi, mtunze na risiti zote za malipo. Andikeni saa na siku wakati bado mnakumbuka. Daktari mwingine ampime binti aandike anachoona. Malalamiko yanapelekwa polisi au parke, hata kwa mdomo, yakaandikwa pale.

Hapa ndipo maswali mawili yanapokutana. Wauguzi wengi wameona, lakini wananyamaza kwa kuogopa kontra na siri ya kazi. Kodi Penali kifungu cha 73 kinamkataza muuguzi kutangaza siri za mgonjwa sokoni au kisimani, ni sawa kabisa. Lakini kifungu hichohicho kinamtoa yule anayeitwa na korti kushuhudia. Kontra ya kliniki haiwezi kumfunga mdomo mbele ya mwamuzi.

Na wanaosema korti siyo mahali pa mwanamke wakumbuke mwaka 2011, korti ya kijeshi ilipokuja kukaa hapa Baraka. Wamama wa Fizi walisimama wakasema waliyotendewa, na kanali akahukumiwa miaka 20.

Mwenye kontra asiyoielewa ailete siku ya mkutano, tutaisoma pamoja neno kwa neno.