Hodi Isiyoitikiwa

Natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wenu mtashangaa kulikuta katika jarida la Chama cha Kiswahili. Ni habari ya homoni za uzazi, vipokezi vyake na seli shina za binadamu. Tafadhali usifungue ukurasa mwingine. Mambo haya yamo nyumbani kwetu, na pengine yamo kwenu pia.

Mimi nina susu wawili upande wa baba, katika boma moja. Mdogo ndiye aliyemzaa baba. Mkubwa alizaliwa ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui, akaolewa huku Makueni, akakaa miaka mingi bila mtoto. Babu alipofariki, susu mkubwa alitoa mbuzi na ng'ombe wake mwenyewe akamwoa susu mdogo. Sisi Wakamba mke wa namna hiyo tunamwita iweto, na watoto wake ni watoto wa nyumba ya yule aliyemwoa. Bila susu mkubwa, mimi nisingekuwa mtu wa boma hili. Ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokwenda soko la Wote. Lakini mpaka leo, mbuzi wetu akila mahindi ya jirani, neno la kwanza analotupiwa susu ni "tasa". Nasi shuleni tunaandika katika insha kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kusema ukweli, methali hiyo siku hizi siipendi sana.

Tulipofika somo la uzazi katika Bayolojia, sisi wavulana wa nyuma tulicheka mpaka wawili wakatolewa nje. Mimi nilibaki, nikasikiliza. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutoa homoni iitwayo FSH. Homoni hiyo husafiri katika damu hadi kwenye ovari, ikafanya yai likomae. Hapo kitabu chetu kinapita mbio, na hapo ndipo penye utamu. Homoni haiamrishi seli hivi hivi tu. Ni lazima ibishe hodi, na juu ya seli zinazolizunguka yai kuna protini inayosikia hodi hiyo na kuitikia karibu. Hiyo ndiyo kipokezi. Kipokezi kikiwa kiziwi, homoni itabisha mpaka ichoke.

Msidhani natunga. Mwaka wa 1995 wanasayansi wa Ufini walitangaza matokeo ya kuchunguza familia zenye wanawake ambao ovari zao hazikufanya kazi ipasavyo. FSH ilikuwa tele katika damu yao. Kosa lilikuwa herufi moja tu katika jeni ya kipokezi. Herufi moja! Na hapa kwetu mtu wa namna hiyo angeambiwa amelaaniwa.

Sasa seli shina zinaingia wapi? Huwezi kumpasua mwanamke kila unapotaka kujua kama vipokezi vyake vinasikia. Seli shina ni seli ambayo bado haijachagua kazi. Yaweza kugeuka ya moyo, ya neva au ya ovari. Mwaka wa 1998 huko Marekani zilikuzwa kwa mara ya kwanza kutoka kwa viinitete vya binadamu, na waumini wengi wakalalamika. Mimi ni mtu wa kanisa na malalamiko yao nayaelewa. Lakini mwaka wa 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alizirudisha seli za kawaida za panya zikawa kama seli shina, na mwaka wa 2007 akafanya hivyo kwa seli za ngozi ya binadamu. Hakuna kiinitete kilichoguswa. Mwaka wa 2012 alipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka wa 2023 watafiti wa Harvard walieleza jinsi walivyogeuza seli kama hizo zikawa mfano wa zile zinazolizunguka yai. Walipozimwagia FSH, ziliitikia. Karibu ilisikika ndani ya kisahani cha maabara.

Mwenzangu wa dawati aliposoma mpaka hapa alisema, "Sisi tunatafuta maji, wewe unatuletea seli!" Ni kweli, kabla ya kuja shule mimi huswaga punda hadi mtoni. Lakini punda hanizuii kuuliza. Kenya ilipata watoto wa kwanza waliotungwa maabarani mwaka wa 2006. Matibabu hayo ni ya laki nyingi, na huanza kwa sindano za FSH. Mwenye kipokezi kiziwi atauza shamba, adungwe, na ovari zisisikie chochote. Je, si afadhali seli zijaribiwe kwanza kwenye kisahani?

Najua pia kwamba katika Afrika wengi hukosa watoto kwa sababu mirija imeziba baada ya maambukizi yasiyotibiwa, na huko seli shina si jibu. Tena kuna jambo moja ambalo wapinzani wamenishinda. Mwaka wa 1951 huko Marekani, seli za Henrietta Lacks, mwanamke mweusi aliyekuwa mgonjwa wa saratani, zilichukuliwa bila idhini yake, na hadi leo zinakuzwa duniani kote. Kwa hivyo nasema mama zetu waelezwe kwa Kikamba, waulize maswali yao yote, na akikataa mtu aachwe. Lakini waulizwe! Wafini walizichunguza familia zao wenyewe ndipo wakaiona ile herufi. Vyuo vikuu vyetu navyo vije Kitui na Makueni, na wale wenzangu watakaosoma udaktari wasikimbilie kufungua kliniki tu.

Jumamosi moja nilimweleza susu mkubwa habari hii ya hodi na karibu, naye anapepeta ndengu. Alisikiliza kimya mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza, "Na babu yako, yeye alipimwa na nani?"

Nilikosa jibu. Akaendelea kupepeta.